Dishi, Antena au Waya: Nani Ashike Rimoti?

Mpenzi msomaji, mwezi huu tuache kidogo habari za nyumba ndogo na za mawifi, tuingie sebuleni.

Kuna barua imenikaa kichwani. Dada mmoja wa Upanga, ndoa yake haijatimiza mwaka, ananiambia kwamba yeye na mumewe hawajawahi kugombana kwa sababu ya hela, wala ndugu, wala mwanamke wa nje. Wanagombana kwa sababu ya televisheni. Mume anataka dishi ili aone mpira wa Uingereza. Yeye anataka kebo, maana waya umeshafika kwa jirani wa mlango wa pili na picha haikatiki ovyo mvua ikinyesha. Mama mkwe, aliyekuja kwa ajili ya kliniki na sasa yuko mwezi wa tatu, hataki kusikia lolote isipokuwa tamthilia zake za Kituruki, zile zilizotiwa sauti za Kiswahili, na anazitaka saa ileile ambayo mwanawe anarudi kazini. Dada anamalizia kwa kuniomba nitaje kipi bora kati ya dishi na kebo, ili akamwonyeshe mumewe ukurasa huu.

Bibie, ukurasa huu siutoi uwe fimbo ya kumchapia mtu. Lakini swali lako ni la wengi, na nadhani wengi wanalianzia mwisho. Hebu tulichambue.

Wengi wakienda dukani swali lao la kwanza ni chaneli ngapi. Muuzaji wa Kariakoo anakujua hata kabla hujafungua mdomo, atakujibu "mia na ushee," nawe unatoka na boksi lako unatabasamu. Sasa katika hizo mia na ushee toa zile za lugha usiyoisikia. Toa za kuuza masufuria. Toa zile zinazorudia filamu moja Jumatatu mpaka Jumapili. Zimebaki ngapi? Nyumba nyingi ninazozijua zinaishi kwa chaneli sita au saba, na katika hizo mbili ndizo zinazoleta ugomvi.

Ndiyo maana mimi husema, kabla ya kwenda Kariakoo chukueni daftari. Wiki mbili tu. Kila atakayewasha televisheni aandike ameangalia nini na saa ngapi. Kama hamna king'amuzi bado, andikeni mnachokwenda kuangalia kwa jirani, kwenye baa au kwenye simu kwa kumaliza bando. Siyo utani huu. Bwana anayeapa kwamba hawezi kuishi bila chaneli za habari za dunia atajikuta ameziangalia dakika kumi na moja. Na bibie anayesema yeye hana mambo ya televisheni ataona mwenyewe saa zake za tamthilia zilivyopangana kwenye karatasi.

Wazee wetu hawakuwa na tabu hii, na sababu ni kwamba hawakuwa na cha kuchagua. Zanzibar walianza televisheni ya rangi mwaka 1973. Sisi wa Bara tulisubiri mpaka mwaka 1994, ITV ilipoanza. Ukishanunua televisheni, umemaliza. Unasimamisha antena kwenye mlingoti, mtoto mmoja anakaa nje anazungusha, mwingine yuko ndani anapiga kelele, "Hapohapo! Usiachie!" Chenga zikipungua, familia nzima inaangalia kilichopo.

Halafu ikaja tarehe 31 Desemba 2012. Usiku ule mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, mikoa mingine ikafuata kwa zamu, na Tanzania ikawa imetangulia mbali tarehe ya mwisho ya kimataifa, ambayo ilikuwa 17 Juni 2015. Watu walipanga foleni kununua ving'amuzi, wengine wakanung'unika kwamba televisheni zao zimegeuka mapambo. Sisi tuliokuwa tunaandika habari za ndoa hatukuona mara moja kilichotokea. Tangu siku ile televisheni haikuwa tena kitu cha kununua mara moja. Imekuwa kama kodi ya nyumba: kila mwezi inakuja, na kila mwezi lazima mtu mmoja aitoe. Hapo ndipo ilipoingia kwenye mapenzi.

Haya, njia zenyewe ni tatu.

Dishi linaangalia wapi?

Dishi ndilo la wengi, na lina haki yake. Setilaiti inakaa juu ya mstari wa Ikweta, kilomita karibu 36,000 kutoka hapa tulipo, na haijui kama wewe unakaa Masaki au Sumbawanga. Yule wa Chanika ndani kabisa, ambako hata daladala inafika ikiwa imechoka, anapata picha safi sawasawa na ya balozi. Kama mmejenga pembeni ya mji, kama wengi wenu mnavyofanya siku hizi, msipoteze muda kubishana. Dishi.

Lakini kuna jambo mafundi hawalisemi mpaka wameshapanda juu ya bati. Setilaiti zinazotumika kwetu hazikai mahali pamoja. Ile ya Azam TV iko nyuzi 7 Mashariki, kwa hiyo dishi lake likiwa Dar es Salaam linatazama magharibi, limeinama kiasi. Nyingine iko nyuzi 36, ambayo ni karibu na utosini mwetu, na dishi lake linaangalia juu kama mtu aliyelala chali. Sasa tuseme mmepanga fleti ya ghorofa ya pili, kibaraza kinaangalia mashariki, kuelekea baharini. Upepo mzuri, mandhari mazuri, picha za harusi mmepigia hapo. Dishi la kutazama magharibi mtaliweka wapi? Litabidi lipande paa, na paa ni la mwenye nyumba. Au mmepata kiwanja, dishi limefungwa vizuri, miaka miwili baadaye jirani wa magharibi anapandisha ghorofa tatu. Au mwembe wenyewe unakua. Nimeona watu wanagombana na fundi bure kabisa kumbe mwenye kosa ni embe dodo.

Na mvua, jamani. Mawimbi ya dishi hizi ndogo yanafyonzwa na matone makubwa ya mvua, ndiyo maana wakati wa masika, saa ambayo wote mmejifungia ndani na hamna pa kwenda, ndiyo saa picha inaganda, inavunjika vipande, kisha unaandikiwa hakuna mawimbi. Wenye DStv wanaijua E48 kama wanavyoijua namba ya nyumba yao. Haidumu sana, wingu likipita inarudi. Dishi kubwa zaidi linastahimili kuliko dogo, na lililolengwa sawasawa linastahimili kuliko lililolengwa kwa haraka fundi akiwahi kazi nyingine. Wa Msasani na Kigamboni, nyie angalieni pia boliti. Chumvi ya bahari inazila, dishi linalegea kidogo kidogo, siku ya upepo linageuza shingo.

Antena ni ile ya ving'amuzi vya mnara, kama StarTimes walivyoanza nayo, na Azam nao wameileta baadaye. Haihitaji kulenga angani, inahitaji kuuona mnara. Mjini, mkiwa wapangaji wa chumba na sebule, hii haina makuu: hamtoboi ukuta, mkihama mnaibeba kwenye begi. Mvua haiisumbui kiasi kile. Kinachoisumbua ni zege. Ukizungukwa na maghorofa, ile antena ndogo ya kuweka juu ya kabati itakutia wazimu, ni afadhali ya nje. Na muulize vizuri muuzaji, maana kampuni moja inaweza kuwa na king'amuzi cha antena na king'amuzi cha dishi, maboksi yanafanana, na kimoja hakiingii kwenye kazi ya kingine.

Halafu waya. Kebo ni mtu mwenye madishi makubwa mahali fulani mtaani, anakusanya chaneli, anazisukuma kwenye waya unaopita kwenye nguzo na kuta mpaka kwako. Kutandaza waya ni gharama, kwa hiyo kebo inafuata watu walipobanana: Upanga, Kariakoo, mitaa ya katikati ya mji. Goba usiiulizie. Pale ilipofika ina raha yake. Hakuna cha kupanda juu ya paa wala kutoboa ukuta kwa boliti nne, na madishi ya mwenye kebo ni makubwa, kwa hiyo mvua ndogo hamtaijua. Tabu yake ni umeme. Njiani kuna vikuza mawimbi vinavyokula umeme wa mtaa ule. Umeme ukikatika upande wa pili wa barabara, wewe una jenereta yako inanguruma, taa zinawaka, feni inazunguka, na televisheni haina kitu. Mwenye dishi na sola kidogo anakucheka.

Siku hizi waya mwingine ni faiba, ule wa intaneti. Nairobi, Zuku iliwazoesha watu wa fleti kupata chaneli na intaneti kwenye waya mmoja, na hapa kwetu nako nyumba zenye faiba zinazidi kuongezeka. Kama nyie wawili mnafanya kazi nyumbani siku kadhaa kwa wiki, na waya unapita hapo mlangoni, anzeni na intaneti, kisha muone kama bado mnahitaji hayo mengine. Azam na DStv wote wana programu za kuangalia kwenye simu na televisheni. Lakini kwa anayeishi kwa bando la simu, mechi moja tu inakula chakula cha wiki.

King'amuzi kimoja, chaneli moja

Sasa tufike kwenye kiini, na hapa naomba msomaji uwe makini, maana ndoa nyingi zimenunua televisheni ya pili bila kulijua hili.

King'amuzi kinafungua chaneli moja kwa wakati mmoja. Ukivuta waya kutoka kwenye king'amuzi cha sebuleni mpaka televisheni ya chumbani, chumbani mtaona kilekile kinachoonekana sebuleni. Mama mkwe akibadilisha chaneli huko sebuleni, na huko chumbani inabadilika. Mnaelewa maana yake? Mume amejinunulia televisheni ya inchi 32 kwa laki kadhaa ili aangalie mechi kwa amani, na dakika ya 88 mbele yake anatokea sultani na wake zake.

Kila mtu kuona chake kwa dishi kunataka vitu vitatu: lile jicho la mbele ya dishi, LNB, liwe la matundu mawili, king'amuzi cha pili, na malipo yake. DStv wana mpango wa kuunganisha ving'amuzi viwili kwa kifurushi kimoja na nyongeza kidogo, wanauita XtraView. Kwingine ni kadi mbili na malipo mawili. Kwa antena ni hivyohivyo, kila televisheni na boksi lake. Kebo ya zamani, ile isiyo na boksi, ndiyo pekee iliyokuwa haina choyo: chaneli zote zinakuja kwenye waya, kila televisheni inachagua yenyewe, mnagawa kwa kile kidude cha splita mpaka chumba cha wageni. Kwa hiyo dada wa Upanga, kabla hujamwambia mumeo chochote, mwulize mwenye kebo yako swali hili moja: je, kila televisheni inahitaji boksi? Akisema hapana, kebo yako imezidi thamani kuliko unavyodhani. Akisema ndiyo, imekuwa sawa tu na wengine.

Hapo nitasema na la moyoni. Televisheni ya chumbani siipendi. Najua, najua, mtaniita mshamba. Lakini chumba cha kulala cha watu wawili wanaofanya kazi kutwa, wanaotoka alfajiri kwenye foleni ya Mwenge na kurudi usiku, kina saa moja tu ya maana. Saa ile ndiyo mnaambiana nani kamkera nani ofisini, mtoto wa dada yako ada imepungua kiasi gani, na yale mengine. Ukiweka pale mtangazaji wa mpira, saa ile imekwenda. Ila kwa nyumba yenye mgeni wa muda mrefu naelewa. Mama mkwe wa Upanga hawezi kuhamishiwa chumbani kama mzigo, na mtoto wa kiume hawezi kumwambia mama yake mgonjwa apishe kochi. Mnaikumbuka ile tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, TBC waliyoionyesha kwa Kiswahili mwaka 2011? Hata Rais Xi Jinping wa China aliitaja alipohutubia hapa Dar es Salaam Machi 2013. Mambo ya mkwe na sebule si ya Upanga peke yake.

Mpira gani, bwana?

Wanaume wa safu hii, msinune. Mkisema mnataka mpira, semeni mpira gani. Nimekutana na nyumba zenye madishi mawili juu ya bati moja, mwenye nyumba anajivuna, kumbe ni kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Ligi yetu, Simba na Yanga na wenzao, iko Azam. Mwaka 2021 walitia saini na TFF mkataba wa miaka kumi wa shilingi bilioni 225.6. Mpira wa Uingereza uko SuperSport, yaani DStv, kwa miaka mingi sasa, na si kila kifurushi chao kina mechi zote. Vile vya chini vinakupa baadhi tu. Haki hizi zinauzwa kwa vipindi, mkataba ukiisha zinaweza kuhama na dishi lako likabaki linatazama palepale. Kwa hiyo bwana, jiulize kwa ukweli: wewe ni mtu wa Yanga anayeipenda kidogo Arsenal, au ni mtu wa Arsenal anayeishabikia Yanga kwa sababu ya kijiwe? Majibu yana bei tofauti kila mwezi.

Dada zangu nao wana hoja yao maarufu. Wanasema heri nimlipie kifurushi kikubwa aangalie nyumbani, kuliko aende kibanda umiza au baa arudi saa sita ya usiku. Hoja nzuri, ina nusu yake ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba mpira si picha tu, ni watu. Mwanaume anayekwenda kibanda umiza hafuati chaneli, anafuata ule mzomeo, utani, na yule jamaa wa Manchester United anayepaswa kuchekwa. Ukileta mpira nyumbani, na watu wanakuja. Watano. Wanakaa kwenye kochi lako jipya, wanataka maji baridi, na baada ya filimbi ya mwisho wanabaki kuchambua. Wapo wanawake wanaoipenda nyumba ya namna hiyo, wanapika na wanashangilia nao. Wapo wasioipenda kabisa. Jijue kabla hujalipa.

Na usisahau habari za hapa nyumbani. Agosti 2018, baada ya agizo la TCRA, chaneli za bure za hapa nchini ziliondolewa kwenye baadhi ya ving'amuzi vya dishi kwa maelezo kwamba leseni zao haziruhusu kuzibeba. Zilirudi baadaye, lakini kwa kipindi kile mtu aliyelipia chaneli mia alikuwa hana taarifa ya habari ya ITV, na wengi walinunua antena ya pili kwa ajili hiyo tu. Wapo walioiacha ile antena palepale mpaka leo, wakiona ni kama ndoo ya maji ya akiba.

Fedha yenyewe

Boksi na dishi unanunua mara moja, mara nyingi kwa bei ya ofa, na ofa hiyo ndiyo chambo. Hesabu mwezi. Tuseme kifurushi mlichokipenda ni shilingi 30,000. Kwa mwaka ni 360,000. Kwa miaka mitano ni 1,800,000, na hiyo ni zaidi ya televisheni yenyewe. Sisemi msilipe. Nasema hesabu hiyo ifanywe na wawili, mezani, siyo na mmoja kwenye simu Jumamosi saa nane mchana.

Maana hiyo ndiyo tabia mpya. Kifurushi cha nyumba ni kidogo, walikubaliana. Jumamosi kuna mechi kubwa. Bwana anachomoa simu, anapandisha kifurushi kimya kimya. Bibie anaona meseji wiki ijayo akitafuta kitu kingine, wala si meseji ya mwanamke, ni ya king'amuzi, lakini inauma karibu vilevile, kwa sababu wiki hiyohiyo aliambiwa hela ya saluni hakuna. Na wanawake nao wapo wenye namba ya king'amuzi kwa kichwa, wanaolipa kwa hela ya mboga tamthilia ikikaribia kuisha.

Halafu kuna ile vita baridi. Kifurushi kimeisha, skrini imeandika E16, kila mmoja anapita mbele ya televisheni kama haioni. Bwana anasema moyoni, mwezi uliopita nililipa mimi. Bibie anasema, si yeye ndiye wa mpira? Siku nne zinapita nyumba ina giza la picha na hakuna anayesema neno. Kwa nyumba ya vijana wanaoanza maisha napendelea kiasi kimoja, kinajulikana, kinatoka kwenye hela ya pamoja kama umeme wa LUKU. Anayetaka zaidi ya hapo aongeze mfukoni mwake, na aseme kwamba ameongeza. Na kama kipato chenu kinakuja kwa vipande, kama biashara au kazi za mikataba, tafuteni wenye malipo ya siku au ya wiki. StarTimes wanayo kwenye baadhi ya vifurushi. Mkisafiri kwenda Moshi kwa Krismasi, hamtakuwa mnaulipia ukuta.

Dada wa Upanga, jibu lako sasa. Kwa fleti yako, waya ukiwa umeshafika, mwenye nyumba hapendi matundu na kibaraza kiko mashariki, mimi ningeanza na kebo, kwa sharti kwamba uende kwa jirani yako siku tatu tofauti usiku, ukae, uangalie mwenyewe. Angalia kama chaneli ya mama ipo. Kama haipo, king'amuzi kidogo cha antena cha Azam ni kwa ajili yake, na ni zawadi nzuri kwa mkwe. Atakusifia mpaka kijijini. Mpira wa Uingereza wa mumeo unaweza usiwepo kwenye kebo, na kama haupo usimfiche. Mwambie mapema, mpigieni hesabu pamoja, mwone kama mechi mbili kwa mwezi za kutoka na wewe mkono kwa mkono kwenda kuangalia sehemu nzuri hazipungui kuliko kifurushi kikubwa cha mwezi mzima. Huenda akakubali. Huenda akasema hapana, anataka dishi lake, na ana sababu ambazo hajakuambia. Wanaume wengi hawajui kusema kwamba wakitoka kazini wanataka saa mbili za kutoulizwa kitu.

La mwisho ni la wote mnaopanga. Dishi likifungwa kwenye ukuta wa mtu, ulizeni kabla, na muandike hata kwa meseji kwamba mkihama mtaondoka nalo. Wenye nyumba wengine huliona ni sehemu ya jengo, kama mlango. Fundi asitoboe kabla hajawaonyesha kwa kidole dishi litatazama wapi na kuna nini mbele yake. Asimame juu mpaka mmeona picha kwenye chaneli tatu nne, siyo ile moja aliyoilenga. Na kabla hajashuka kwenye ngazi, hakikisheni king'amuzi kimesajiliwa kwa jina na namba ya simu ya mmoja wenu, siyo yake fundi, maana siku akibadilisha namba mtahangaika kama yatima. Jina la nani kati yenu, hilo mtalimaliza wenyewe.